Kilo Mbili

Arobaini na nane, akasema dada wa mizani,
akaandika kwenye fomu, akapiga mstari.
Foleni nyuma yangu ikasogea hatua moja
kana kwamba mimi ni shimo, limeshafukiwa.

Nauza asali Soko Kuu la Tabora, mwaka wa kumi na moja.
Kilo mbili nazijua kwa mkono:
ni kidumu cha njano kilichojaa mpaka shingoni,
ni mchele wa siku mbili kwa watu wanne,
ni Kabula wangu siku aliyotoka,
kilo mbili kasoro, mwekundu, amekunja ngumi
kama mtu aliyekuja kudai.

Siku ile, Kitete, nilikuwa nakwisha.
Shuka lilikuwa zito. Nikasikia mtu anasema, "Imebaki moja,"
na ubaridi wa mfuko ule ukanipanda mkononi
taratibu, kama kisima kinavyojaa masika.
Ya nani? Sikuambiwa. Huwa hawaandiki jina.
Labda ya mwanafunzi wa Kazima aliyefuata soda na biskuti.
Labda ya yule mama wa Cheyo ninayemwita mchoyo.
Mwaka wa tisa huu naamkia watu vizuri mjini,
maana sijui ni yupi ananidai.

Basi leo hema limepigwa, kipaza sauti kinasema
damu haina kiwanda, damu haina duka,
nami nimefunga meza mapema, nimevaa kitenge cha sikukuu,
nimekuja kulipa.

Kilo mbili!

Jioni, Isevya, mabishano yakanoga kuliko chai.
Shemeji Nkwabi: "Si ungetia mawe mfukoni?"
Yeye walimrudisha kwa malaria ya juzi.
"Tabora hii, nani hana malaria?
Wakachote kwa mbu basi, ndiye mwenye damu zetu zote."
Sizya wa bodaboda walimkataa kwa mchoro mbichi begani,
jina la mwanamke. "Ameniacha," akasema,
"na bado ananikosesha."

Mwalimu Lubatula, aliyepita, alikuwa bado na pamba mkononi
kama nishani. Akasema, kanuni haimchukii mtu.
Mfuko ni ule ule, kwa mnene na kwa mwembamba;
mtungi mdogo ukichotwa sana, utaanguka njiani.
Na aliye kitandani kule hana nguvu ya kukuuliza
umeugua lini, umemeza nini, umelala wapi.
Sharti mtu amuulizie.

Nikanyamaza. Hilo la kitandani lilinikaa.
Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa natazama dari.
Kumbe siku hiyo kuna mtu alikataliwa kwa ajili yangu,
akarudi kwake amenuna hivi hivi,
akawafokea watoto, chai ikamchachukia.
Huyo naye ananidai?

Lakini nilipokwenda kukoleza mkaa nikasema peke yangu:
damu nzito kuliko maji, tumeambiwa tangu utoto.
Hakuna aliyetuambia nayo itapandishwa mizani.

Umeme ukakatika. Kabula akaendelea na hesabu kwa taa ya simu,
akanisogezea michembe na karanga bila kuinua macho.
"Kula, mama. Umebakiza gramu elfu mbili."
Nikala. Nikala na za kwake.

Asubuhi mteja wa kwanza, mgeni, sura ya safari ya treni.
Mizani yangu inaishia kilo kumi, haiwezi kunitetea.
Nikampimia moja. Akasema, ongeza kidogo, dada.
Nikaongeza; asali haina ugomvi.
Aliponyosha mkono kupokea
nikautazama mshipa wake, ule wa buluu penye kiwiko,
nikautazama
mpaka akauliza kama pesa imepungua.